Nani Atarusha Jumapili?

Ukitaja michezo ya vyuo vya Marekani, watu wanaona uwanja wa Michigan unaomeza watu zaidi ya laki moja, kamera kila kona, na vijana ambao mwaka ujao watakuwa mamilionea. Niliyoyaona mimi ni mengine. Nilisoma chuo kidogo jimbo la Ohio, kati ya mashamba ya mahindi na maharage ya soya. Wanafunzi wote hatukufika elfu moja na mia tano, na kwa miaka yangu kule nilikuwa mtunza daftari la alama wa timu ya besiboli. Watazamaji wetu walikuwa wazazi waliokuja na viti vya kukunja na blanketi za kufunika magoti, pamoja na mbwa wawili watatu.

Kazi yenyewe niliipata kwa shida ya kawaida. Mwanafunzi wa kigeni haruhusiwi kuzurura mjini kutafuta kibarua. Anafanya kazi ndani ya chuo, saa zisizozidi 20 kwa wiki. Nafasi za jikoni na maktaba zilishachukuliwa. Ofisi ya michezo ilitaka mtu anayepatana na namba na asiyeogopa baridi. La kwanza nilikuwa nalo, nasoma uhasibu. La pili nikasema ninalo.

Nilipompigia mama Tanga kumpa habari, alinyamaza kidogo.

"Kwa hiyo, mwanangu, wanakulipa kwa kuhesabu mipira?"

"Ndiyo mama."

"Haya. Hesabu vizuri, wasije wakasema umewaibia."

Kwa asiyeujua mchezo, niueleze kwa kifupi. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji na kumtupia mpira mgumu kwa nguvu zake zote. Mpigaji akikosa mara tatu, au mpira wake ukidakwa hewani, au ukiwahi kufika besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia, kabla yake, huyo ni auti, kama tulivyopiga kelele utotoni kwenye rede. Zikitimia auti tatu mnabadilishana. Mnakwenda hivyo kwa awamu tisa. Anayezunguka besi zote na kurudi alikoanzia amepata runi. Mengine ni mbwembwe na kutema maganda ya mbegu za alizeti, ambayo ndugu zangu wale waliyatema kwa wingi hadi sakafu ya benchi ikawa inalia ukikanyaga.

Kitu kilichonishika mimi, mtu wa hesabu, ni kwamba besiboli haina saa. Kwenye soka ukiongoza bao tatu dakika ya themanini unaweza kujiangusha, ukachelewesha mpira wa kona, dakika zikaenda. Hapa hakuna wa kukuokoa. Uongoze kwa runi kumi, bado ni lazima mtu wenu asimame pale katikati na kuwatoa wapinzani, mmoja mmoja, mpaka watimie 27. Auti ni deni, na deni hilo linalipwa kwa mkono wa mrushaji. Mkono wa mrushaji nao unachoka. Akirusha mara mia hivi katika mchezo mmoja, anahitaji siku kadhaa kabla hajarudi kufanya kazi ya maana. Ukimlazimisha unaweza kumharibu kiwiko, na huyo ni kijana anayetaka kuwa mwalimu wa sekondari au mhandisi wa maji, wala hakuna klabu inayomsubiri na mkataba.

Hapo pana jambo ambalo Watanzania wenzangu huwa hawaamini nikiwaambia. Chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kina madaraja matatu. Letu, la tatu, lilianzishwa 1973 na ndilo lenye vyuo vingi kuliko mengine, zaidi ya 400, na ni marufuku kumpa mtu ufadhili wa masomo kwa sababu ya mchezo. Vijana wale wanalipa ada. Wanaamka saa kumi na moja alfajiri kunyanyua vyuma, wanasafiri kwa basi saa tano kwenda kucheza michezo miwili kwa siku moja, wanarudi usiku wa manane kuandika ripoti ya maabara, na ada wanalipa.

Kikosi chetu kilizidi vijana arobaini, ilhali wanaoingia uwanjani ni tisa. Mwanzoni sikuelewa. Ilinijia darasani, siku tuliyopewa kusoma hesabu za chuo kimoja binafsi kama zoezi: chuo kidogo cha kijijini hakina mali ya kutosha, kinaishi kwa ada, na njia mojawapo ya kujaza mabweni ni timu. Kocha wa besiboli akileta vijana kumi na watano kila mwaka, ameleta wanafunzi kumi na watano ambao pengine wasingejua hata jina la chuo. Kwa hiyo nusu ya kazi yake ni kuajiri wateja, japo hakuna atakayeisema hivyo mbele ya wazazi.

Matokeo yake ni kwamba kila benchi la daraja letu limejaa watu wanaolipa ili wasicheze. Kocha anaweza kuwaacha pale kama pambo hadi wahitimu, au anaweza kuwageuza kuwa kitu. Nimewatazama makocha wengi kutoka kwenye meza yangu nyuma ya nyavu, na kwa maoni yangu tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anafika mbali mwezi wa Mei.

Msimu unaanzia ndani. Februari ya Ohio uwanja ni barafu, kwa hiyo timu inafanya mazoezi kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu, nyavu zimening'inizwa kutoka darini, mipira inagonga na kurudi mpaka masikio yanavuma. Machi, wiki ya likizo, vyuo vya kaskazini vinashuka Florida kutafuta jua na kucheza kila siku. Kisha mnarudi, na Aprili inawadanganya: leo joto, kesho theluji. Msimu wa kawaida una michezo isiyozidi 40, na kwa kuwa mvua inaahirisha nusu yake, mingi inasukumwa pamoja, miwili miwili Jumamosi. Hakuna wafanyakazi wa uwanja. Wachezaji wenyewe wanachota maji ya madimbwi kwa sponji na ndoo, wanaburuza udongo kwa reki, wanachora mistari ya chokaa. Nimewahi kumwona mrushaji wetu bora, mkono wenye thamani kuliko wote pale, ameinama anakamua taulo lililolowa, na kocha akampigia kelele atumie mkono mwingine.

Ukitaka kujua ukuu katika dunia hii ndogo, nenda Marietta, mji wa mtoni kusini-mashariki mwa Ohio. Chuo chake si kikubwa kuliko chetu. Lakini kimetwaa ubingwa wa taifa wa daraja la tatu mara sita: 1981, 1983, 1986, 2006, 2011 na 2012. Ile mitatu ya kwanza ni ya Don Schaly, aliyefundisha pale misimu 40 na kushinda michezo 1,442, na uwanja una jina lake. Ukiingia pale kama mgeni unahisi kama timu ya mkoa iliyopelekwa Msimbazi. Sisi tulikwenda tukitembea polepole, tukatoka tukitembea haraka.

Kilichonivutia Marietta hakikuwa vikombe. Nilitazama ukurasa wa warushaji. Wachezaji wao waliozoea kurusha walikuwa wengi, na kila mmoja alishapewa awamu za kutosha katika michezo halisi hadi tarakimu zake zinasema kitu. Daftari letu la mwanzo halikuwa hivyo. Kocha wetu wa wakati ule aliwategemea watatu. Tukiongoza runi kumi na mbili kwa mbili, mrushaji wa kwanza bado yuko pale, anamalizia, wazazi wanapiga makofi. Nami naandika, nikijiuliza kwa nini tunatumia mkaa wote kuchemsha chai.

Kocha huyo aliondoka, akaja mwingine, kijana zaidi, mkimya. Jambo la kwanza aliloniomba lilinishangaza. Alitaka karatasi moja kila Jumatatu yenye safu mbili tu: kila mrushaji ametoa auti ngapi, na mara ngapi mrusho wake wa kwanza kwa mpigaji ulikuwa straiki, yaani mrusho sahihi unaohesabiwa dhidi ya mpigaji. Kasi hakuuliza. Nikamwambia tuna kifaa cha kupima kasi. Akasema, "Najua nani anarusha kwa nguvu, nasikia kwenye glavu ya mdakaji. Sijui nani hataogopa."

Machi ile Florida alifanya mambo yaliyowaudhi wazazi. Mchezo tunaouongoza kwa mbali, anamtoa nyota na kumwingiza mvulana wa mwaka wa pili ambaye hajawahi kurusha nje ya ukumbi. Mvulana anawatembeza wapigaji watatu mfululizo hadi besi ya kwanza bure, kwa sababu hawezi kupata straiki. Kocha hatoki kwenye benchi. Mzazi mmoja alinijia mezani, kana kwamba mimi ndiye naamua, akaniuliza kama huyu bwana anataka kushinda kweli. Nikamjibu kwamba mimi naandika tu. Tulipoteza mchezo mmoja au miwili ambayo tungeshinda. Mimi mwenyewe sikuwa na hakika anachofanya, lakini niliona safu ya kwanza ya karatasi yangu inarefuka: majina sita, kisha manane, kisha kumi.

Miongoni mwao alikuwa mwanafunzi wa biolojia, mwembamba, miwani ya michezo imefungwa kwa mpira kichwani. Hakuwa na kasi. Kocha alimbadilisha mtindo, akamshusha mkono mpaka mpira ukawa unatoka ubavuni, chini ya usawa wa kiuno. Vijana wakamcheka. Kocha akawaambia habari za Kent Tekulve, aliyesoma Marietta, ambaye hakuna klabu iliyomchagua alipomaliza chuo, akarusha vivyo hivyo kutoka chini hadi akawamalizia klabu ya kulipwa ya Pittsburgh Pirates mchezo wa ushindi wa fainali ya taifa ya 1979, na kazi yake ikafika michezo 1,050. Kicheko kikapungua. Mpira unaotoka chini namna ile unazama ukifika kwa mpigaji. Anaugonga kwa juu, unaburuzika ardhini, na mpira wa ardhini ni chakula cha wadakaji wa ndani, wale wanaosimama karibu na besi.

Mei tulishinda mashindano ya ligi yetu. Hiyo ndiyo njia ya uhakika ya kufika mchujo wa taifa, kwa sababu bingwa wa ligi anaingia moja kwa moja. Timu zinazocheza daraja hili zinakaribia 400, zinazoitwa ni kama 60, na nafasi za kupewa kwa rekodi nzuri tu ni chache mno. Tulipangwa kanda yenye timu nne, sisi wa nne kwa ubora. Wakati huo mitihani imekwisha, au karibu. Mabweni yamefungwa, jiko la chuo limefungwa, na timu pekee ndiyo imebaki kwenye chuo kitupu ikila piza kila usiku. Wawili walifanya mtihani wao wa mwisho hotelini, kocha msaidizi akiwasimamia. Wahitimu wetu walikosa mahafali. Mkuu wa chuo aliwavika majoho juu ya sare za mchezo, kwenye mstari wa besi ya tatu, dakika kumi, kisha wakapanda basi.

Mashindano ya kanda yana sheria moja inayotawala kila kitu: ukifungwa mara mbili unaondoka. Ijumaa mchezo mmoja, Jumamosi miwili ikibidi, Jumapili miwili ikibidi. Ukipita njia ndefu ni michezo mitano ndani ya siku tatu. Piga hesabu: mitano mara 27 ni auti 135. Mrushaji wako bora atakupa ishirini na kitu, ukibahatika 27, kisha amekwisha. Mia na ushee zilizobaki zinatoka wapi?

Kuna mabishano ya kudumu kuhusu Ijumaa. Wewe ni wa nne, unakutana na wa kwanza. Umtumie nyota wako, uwashtue, au umtunze kwa mchezo unaoweza kushinda? Wengi hutunza. Kocha wetu alimtumia. Hoja yake ilikuwa kwamba mchezo wa kwanza ukipotea, unabaki kutembea kwenye ukingo siku zote, na anayetembea kwenye ukingo ndiye anayecheza michezo mingi zaidi, kwa hiyo ndiye anayehitaji warushaji wengi zaidi. Kijana akawatoa watu 26 kabla hajaishiwa, na tukashinda kwa runi mbili. Jumamosi mchana tukafungwa vibaya na timu iliyokuja kutawala mashindano yale, na hapo kocha alifanya kitu cha kihasibu: alipoona mchezo umekwenda, hakumgusa yeyote wa maana, akaacha wengine wawili wamalizie. Usiku tukawatoa watu wale wale tuliowashtua Ijumaa, ambao nao walikuwa wamebakiza warushaji wawili wa kuaminika. Walitembeza watu wetu tisa bure. Sikuwahi kuandika kosa la namna hiyo kwa wingi kiasi kile kwa timu nzuri hivyo. Walikuwa bora kuliko sisi, lakini ilikuwa saa nne za usiku siku ya pili.

Jumapili tulihitaji kuifunga timu ambayo haijafungwa, mara mbili. Kocha akampa mpira mwanabiolojia.

Kwenye daftari la alama kila nafasi ina namba. Mrushaji 1, mdakaji 2, besi ya kwanza 3, ya pili 4, ya tatu 5, kijana wa kati ya pili na ya tatu ni 6. Mpira ukiburuzwa kwa 6 akautupia besi ya kwanza, unaandika 6-3. Ukurasa wa asubuhi ile bado ninao. Awamu ya kwanza: 6-3, 4-3, 6-3. Ya pili: 5-3, kisha pigo safi, kisha 6-4-3, auti mbili kwa mpira mmoja. Ya tatu sikuinua penseli kubadilisha ncha. Alikuwa anarusha mpira ambao mimi, kwa macho yangu, niliona naweza kuupiga, na wapigaji wale wenye mabega kama milango wakawa wanaugonga juu yake na kuutazama ukidundadunda. Kila auti, benchi letu lote, wale wasiocheza, lilikuwa linasimama na kuita namba. "Sita-tatu!" Mwamuzi akatuonya tupunguze sauti. Mrusho wake wa kwanza ulikuwa straiki kwa karibu kila mtu. Alitoka awamu ya nane, watu wawili kwenye besi, akamkabidhi kocha mpira bila kusema neno, na yule wa mwaka wa pili aliyetuaibisha Florida akaja kuzima moto kwa mirusho minne.

Mchezo wa mchana tulifungwa. Tulifika awamu ya sita tukiwa sawa, kisha mikono ikaisha. Aliyekuwa anarusha mwisho alikuwa mchezaji wa besi ya tatu. Niliwatazama wapinzani: walikuwa bado na watatu wanaopasha misuli pembeni, wamekaa, wanacheka. Safu yao ilikuwa ndefu kuliko yetu. Nilimwambia kocha kwenye basi, akasema anajua, alihesabu tangu Ijumaa. Kisha akanikumbusha nimpe karatasi yake Jumatatu kama kawaida, ingawa msimu ulikuwa umekwisha.

Siku hizi nafanya kazi ya ukaguzi wa hesabu Cleveland. Mwaka 2024 fainali za taifa za daraja letu zilihamia Eastlake, mwendo mfupi kutoka kwangu, nikaenda. Dunia nzima ya besiboli ilikuwa inaitazama timu moja: Birmingham-Southern ya Alabama. Chuo chao kilikosa mkopo wa serikali ya jimbo na kikafungwa rasmi tarehe 31 Mei, siku ile ile timu ilipocheza mchezo wake wa kwanza wa fainali. Vijana walikuwa wanavaa jezi ya chuo ambacho hakipo, na watu wasiowajua waliwachangia nauli na chakula. Kwa miaka mingi niliamini timu ndizo zinazoshikilia vyuo vidogo visianguke. Pale niliona timu nzuri kabisa imesimama na chuo kimeanguka chini yake.

Ijumaa walifungwa na Salisbury, Jumamosi wakawatoa Randolph-Macon, na Jumapili wakakutana na Wisconsin-Whitewater. Mimi nilikuwa na penseli na nyuma ya karatasi ya chakula. Kila mtu jukwaani alikuwa anawashangilia Alabama, hata mimi, lakini mkono ulikuwa unahesabu warushaji. Ilikwisha 11-10, Whitewater wakipiga mpira juu ya uzio kwenye awamu ya mwisho. Watu walilia. Mzee aliyekaa jirani yangu, aliyeniambia kuwa aliwahi kufundisha sekondari, akatikisa kichwa na kusema ni bahati mbaya tu ile. Nikamwonyesha karatasi yangu: runi 21 katika mchezo mmoja, siku ya tatu mfululizo. Nikamwambia bahati huwa haipendi Jumapili. Akasema mimi ni mhasibu. Nikasema ndiyo. Akadai wangemwacha aliyekuwa anarusha awali, mimi nikasema alikuwa amekwisha, tukashuka ngazi tukibishana, na tulipofika maegesho alikuwa bado ananichorea awamu ya nane kwa kidole kwenye vumbi la boneti ya gari lake.